Kufuli za Zamani na Sahihi ya Mama Ephraimu

Naserian alivaa funguo mbili shingoni, zimefungwa kwenye uzi mmoja mwekundu. Mmoja ulikuwa wa kabati la sukari na majani ya chai. Wa pili ulikuwa wa chumba cha seva. Wageni wa chama walipoambiwa kwamba mama anayewamiminia chai ndiye pia anayetunza barua pepe za chama kizima, walicheka kwanza, halafu wakiona hakuna mwingine anayecheka, wakanywa chai yao.

Hakuzaliwa na kompyuta mkononi. Alimaliza darasa la saba huko Sambasha, akaolewa, akafiwa, akapanga chumba Kimandolu na mwanawe Lengai, na akaja kuomba kazi ya usafi katika chama cha wakulima wa maharage machanga, kwenye ofisi iliyo nyuma ya soko la Tengeru. Wakati huo fundi wa chama alikuwa Calvin, ambaye hakuwa na mtu wa kumshikia tochi anapoingia uvunguni kwa waya zake. Naserian akaishika. Akaishika miaka sita. Na mshika tochi huona kile anachomulika. Calvin alipopata kazi Dar es Salaam aliacha daftari moja nene la maelekezo, lakini mambo ambayo hayakuandikwa mle yalikuwa kichwani mwa Naserian. Nafasi ikatangazwa. Waliokuja na vyeti walitaka mishahara mikubwa. Mwenyekiti, mzee Lomayani, akajikuna kidevu, akasema, "Kwani huyu mama anashindwa nini?" Ndivyo alivyopata ufunguo wa pili. Ule wa kwanza hawakumnyang'anya. Birika likabaki lake.

Usidhani aliona haya. Alitembea na funguo zile kama mke wa mchungaji na kofia yake ya Pasaka.

Chama kilikuwa na kompyuta kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa pale ofisini. Ya kumi na mbili ilikuwa juu mlimani, kwenye kituo cha mwisho kupita Akeri, kule ambako barabara inakata tamaa na kuwaachia watu migomba. Karani wa kituo hicho alikuwa Mama Ephraimu, Mchaga wa Machame aliyeolewa Umeruni, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpole, mwenye mwandiko wa kuchorwa. Kompyuta yake aliivika kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye maua ya njano pembeni. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukosa Jumanne hata moja. Ikifika saa kumi jioni anaandika barua kwa katibu: makreti mangapi ya maharage yako tayari, ya nani na nani. Jumatano asubuhi lori linapanda kuyachukua. Maharage machanga hayasubiri. Ukiyachelewesha siku mbili yanalegea, siku ya tatu ni chakula cha ng'ombe.

Nakala ya kila barua ilifika pia kwa Naserian. Na chini kabisa, baada ya "wako mtiifu katika kazi", Mama Ephraimu aliongeza mstari mmoja ambao haukuwa wa kazi. "Naserian, dereva ana mkungu wako wa ndizi mshale, usiupike na magadi mengi." Au, "Naserian, msalimie Lengai, mwambie ndevu si cheti." Naserian alikuwa akiusoma mstari ule kwanza kabla ya kuhesabu makreti.

Basi mwaka huo, mwezi wa tatu, ikaja barua kutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo. Ilikuwa ndefu na kavu, na maana yake ilikuwa moja: seva yenu ya barua inakubali kufuli dhaifu. Ziondoeni zote kabla mwezi wa tano haujaanza, la sivyo hatupokei barua zenu tena.

Batuli wa mapokezi, mtoto wa Kaloleni, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliuliza, "Kufuli gani tena? Mbona mlango wako una kufuli kubwa kama la gereza?"

"Si ya mlango," Naserian akamwambia. "Barua ikitoka kompyuta moja kwenda nyingine inafungwa njiani ili mtu wa kati asiisome. Kompyuta mbili zikikutana zinasalimiana kwanza. Hii inasema, mimi najua kufuli hizi na hizi. Ile inasema, na mimi hizi na hizi. Wanachagua moja wanayoijua wote, ndipo barua inapita. Sasa seva yetu ni mzee mwenye huruma. Ukimjia na kufuli la mwaka arobaini na saba anakupokea. Na makufuli hayo ya zamani wezi wanayafungua kwa kijiko."

"Kwa hiyo unamfundisha mzee ubaya."

"Namfundisha kukataa."

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Ndani ya seva kuna mstari mmoja wenye majina ya kufuli zote zinazokubaliwa. Unafuta yaliyooza, unaacha mazima, unaizima seva na kuiwasha. Ila Calvin alikuwa ameandika kwa wino mwekundu ndani ya daftari: KABLA YA KUFUTA, KAGUA KILA KOMPYUTA. ILIYOZEEKA HAIJUI KUFULI MPYA, ITABAKI NJE. Kwa hiyo Naserian akachapa fomu kumi na mbili. Kila moja ilisema: kompyuta hii imekaguliwa na inaweza kutumia kufuli mpya. Chini, sahihi ya mtumiaji. Katibu Meshack, kijana mwenye diploma na viatu vya kung'aa hata wakati wa masika, alizipenda sana fomu zile. Meshack alipenda kila kitu chenye sahihi. Ndiye aliyepiga marufuku taarifa za makreti kwa simu. "Simu haina ushahidi," alisema, na akaubandika ukutani msemo huo.

Kumi na moja zilikaguliwa siku moja. Zote salama. Ikabaki ya mlimani.

Jumamosi, siku ya soko, Naserian alimkuta Mama Ephraimu kwenye upande wa ndizi, anapanga mikungu, mikono imejaa utomvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kushika-shika?"

"Nimekuja na fomu. Niwekee sahihi hapa, nije Ijumaa kuikagua mashine yako. Nikishapata sahihi mapema sitahangaika."

Mama Ephraimu hakuwa na miwani. Akafuta mikono kwenye kanga, akaegemeza karatasi juu ya gunia la viazi, akaandika jina lake lote kwa ule mwandiko wa kuchorwa. "Wewe ukisema iko sawa, iko sawa," akasema. Na utomvu wa ndizi ukaacha alama ya kidole gumba pembeni ya karatasi, rangi ya kahawia, ile isiyotoka hata ukifua.

Ijumaa ilinyesha mvua ya kuangusha migomba. Naserian alisimama kwenye kibaraza cha ofisi akiutazama mlima, na mlima haukuonekana. Bodaboda aliyemsimamisha alimwambia, "Mama, huko juu hata mbuzi wanateleza." Akarudi ndani. Akajipikia chai. Akajiambia atakwenda Jumatatu. Jumatatu katibu akamjia na kalenda mkononi: "Mama Lengai, bado fomu moja tu, na siku zimeisha. Vipi?"

Fomu ilikuwa ndani ya daftari la Calvin, na sahihi ilikuwa juu yake. Ilikosa tarehe tu. Naserian akaichukua kalamu, akaandika tarehe ya ile Ijumaa ya mvua, akampa.

Alitumia muda mfupi kuliko wa kukoroga sukari. Mchana ule ule akayafuta majina ya kufuli dhaifu, akaizima seva, akaiwasha. Wanunuzi wakapima kutoka kwao wakaandika: hongera, sasa mko salama. Katibu akaisoma barua hiyo mbele ya wafanyakazi wote, na Naserian akapigiwa makofi akiwa ameshika sinia la vikombe.

Jumanne ya kwanza haikuja barua kutoka mlimani. Naserian aliona. Akasema moyoni, mvua imekata umeme. Jumatano lori halikupanda, maana hapana barua hapana lori. Jumanne ya pili, kimya. Alhamisi Mama Ephraimu akampigia katibu simu, na katibu akaiweka kwenye spika ili ofisi nzima isikie namna anavyofanya kazi.

"Katibu, mbona lori haliji? Watu wamejaza makreti hapa hadi mlangoni."

"Barua iko wapi, mama?"

"Nimeandika. Zote mbili nimeandika na nimetuma."

"Hazijafika."

"Yanatokea maandishi mekundu ya Kizungu. Calvin aliniambia yakitokea hayo ni mtandao umelala, nifunge tu, itajituma yenyewe."

"Calvin yuko Dar es Salaam, mama. Usimsingizie asiyekuwepo."

Watu wawili watatu wakacheka. Naserian alikuwa anapanguza meza. Aliendelea kupanguza mahali pale pale.

Jumanne ya tatu ikapita kama zile nyingine. Ijumaa yake Mama Ephraimu alishuka mwenyewe, na nyuma yake wakaja wakulima wanne wa juu, wamebeba kreti moja la maharage yaliyokuwa manjano na mepesi kama maganda. Wakalimwaga juu ya meza ya mapokezi, mbele ya Batuli. Mmoja wao akasema waziwazi kwamba mama huyu amezeeka, anasinzia kituoni, na anadanganya. Mama Ephraimu alisimama na mkoba wake kifuani. "Sijawahi kukosa Jumanne," alisema. Alisema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Meshack alipofungua faili. "Mama, hii si sahihi yako?"

Mama Ephraimu akatafuta miwani, akaivaa, akatazama. "Ni yangu."

"Inasema kompyuta yako ilikaguliwa na iko sawa. Tarehe hii hapa. Kama mashine ni nzima na barua hazifiki, ubovu uko kwa nani?"

Naserian alikuwa kwenye kona, anamimina chai kwa ajili ya wageni. Aliiona ile alama ya kidole gumba kutoka pale alipo. Mama Ephraimu akainua macho, akamtafuta, akamwona. Hakusema "mwulize huyu." Angeweza kusema. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Na Naserian, yule ambaye madereva wa malori walimwogopa kwa ulimi wake, akainamia birika. Chai ikajaa kikombe, ikamwagika kwenye kisahani, ikamwagika kwenye sinia.

"Kamati itakaa Alhamisi," akasema katibu. "Kituo kitapata karani mwingine. Mama, ufunguo utauacha hapa leo."

Mama Ephraimu akautoa ufunguo wa kituo mkobani, akauweka mezani kando ya maharage yaliyooza. Akasema "asanteni", akaondoka. Batuli akamwambia Naserian, "Jamani, uzee! Miaka yote hiyo halafu anakuja kuharibikia ukingoni." Naserian akamwambia anyamaze, kwa ukali ambao Batuli hakuuelewa.

Wote walipokwenda kula mchana, alijifungia chumba cha seva. Seva ina daftari lake yenyewe, inaandika kila aliyebisha hodi na jibu alilopewa. Wiki tatu zote hizo Naserian hakulifungua, na wewe unajua kwa nini. Mtu anayejua kilichomo chunguni hana haraka ya kufunua. Sasa akafunua. Jumanne ya kwanza, saa kumi na dakika nne jioni, mgeni kutoka kituo cha juu: amekataliwa, hakuna kufuli wanalolijua wote wawili. Tena baada ya nusu saa, amekataliwa. Tena. Usiku kucha ile kompyuta yenye kitambaa cha maua ilibisha hodi kila nusu saa, na seva ikajibu vile vile, sikujui, sikujui. Jumanne ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mara mia na zaidi. Mwanamke yule aliandika, alituma, na mlango alioufunga Naserian ukamkataa.

Akili ya mtu mwenye hatia hukimbia kuliko sungura. Wazo la kwanza: liandike tena lile jina la kufuli la zamani, dakika kumi tu, barua zipite, halafu ulifute. Vidole vikaanza kuandika. Herufi tatu. Halafu akasimama. Mlango ukiufungulia mmoja umewafungulia wote, na mwizi haji na barua ya utambulisho. Na hata hivyo kituo kilikuwa kimefungwa, kompyuta imezimwa, ufunguo uko mezani kwa Meshack. Na hata ingekuwa imewaka, barua zile zingefika na muhuri wa leo, na watu wangesema, ona, amekaripiwa ndipo akaandika. Angekuwa amemfanya mwongo mara mbili.

Wazo la pili lilikuwa baya kuliko hilo. Kulifuta daftari la seva. Hakuna mwingine aliyejua kulisoma. Alikaa nalo wazo hilo muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka. Ndipo akazifuta zile herufi tatu, akachapa kurasa zote za daftari, kurasa kumi na saba, akazikunja na kuzitia ndani ya kitenge chake, kifuani.

Siku tano alizibeba. Kanisani Jumapili hakuimba. Lengai alimwuliza, "Mama, unaumwa?" akamwambia, "Kula."

Jumatano akapanda. Alijua desturi ya Wachaga, nani asiyeijua: ukimkosea mtu, unamletea jani la isale, na akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Alilikata kwenye mpaka wa shamba la mtu pale bodaboda alipomshusha, kwa ruhusa ya mwenye shamba, akapanda kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi kwenye ugoko. Mama Ephraimu alikuwa uani, anamenya ndizi. Jumatano saa kama hizo, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa kituoni akipakia lori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepanda leo. Kumbe inapandika."

Naserian akapiga magoti kwenye matope, akalitoa jani kwa mikono miwili. Akasema yote. Fomu, Ijumaa, tarehe, kufuli, seva, birika. Akazitoa na kurasa kumi na saba, akamwonyesha kwa kidole: hapa ni wewe, hapa ni wewe, hapa ni wewe tena.

Mama Ephraimu alivaa miwani akasoma kurasa zote, ingawa zilikuwa Kizungu na tarakimu. Alisoma saa na dakika tu. Akafika mwisho akazikunja vizuri.

"Kwa hiyo sikusinzia," akasema.

"Hukusinzia, mama."

"Unajua nilianza kuamini? Nilimwuliza Ephraimu, hivi mimi huwa natuma, au naota natuma?" Akavua miwani. "Mume wangu alikuwa hivyo mwisho wake. Nikasema basi, na mimi yamenifika."

Naserian hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria ufunguo, kituo, matusi ya wakulima. Hili la mama mzima kukaa usiku akiipima akili yake mwenyewe hakuwa amelifikiria, na lilimwingia kama mwiba wa mchongoma, ule unaokatikia ndani.

Mama Ephraimu akalichukua isale, akalitazama. "Kwetu hili halikataliwi. Nimelipokea. Nimekusamehe, mila imenifunga mdomo." Akaliweka juu ya maganda ya ndizi. Halafu akalichukua tena, akamrudishia. "Lakini angalia ulipolileta. Uani kwangu, hakuna mtu, kuku tu. Uliponiaibisha palikuwa na watu. Wewe si mjinga, Naserian. Umekuja kuchukua msamaha kwa mlango wa nyuma."

"Nitakwenda nalo kesho mbele ya kamati. Nitasema."

"Sijakutuma." Akaokota kisu akaendelea kumenya. "Shuka kabla mvua haijaanza."

Alhamisi kamati ilikaa, watu tisa kuzunguka meza ndefu, mzee Lomayani kichwani, katibu na faili lake kuliani. Mama Ephraimu aliitwa, akakaa karibu na mlango. Naserian akaingia na sinia, akaligawa kama kawaida. Alipomaliza hakutoka. Akaliweka birika sakafuni.

"Mama Lengai, asante, unaweza kwenda," akasema Meshack.

"Sijamaliza. Fomu hiyo uliyoishika ni ya uongo, na mwongo ni mimi."

Akasema tena yote, mara hii amesimama, jani mkononi, na kila alipotaka kulainisha neno akamwona yule mama karibu na mlango, akaliacha lilivyo. Alisema sahihi ilichukuliwa sokoni juu ya gunia la viazi. Alisema hakupanda. Alisema tarehe aliiandika yeye. Alisema siku ya kreti la maharage alikuwepo, alijua, akamimina chai. Akazipanga kurasa kumi na saba mezani, na wakulima wawili wa kamati wakainama kuzisoma saa na dakika, wakimnong'oneza mwenzao, "Ona, kila nusu saa. Masikini."

Meshack alikuwa amebadilika rangi. "Mama Ephraimu," akaanza, "kama kuna mahali nilikukosea..."

"Hakuna 'kama' hapa, mwanangu," akasema Mama Ephraimu. "Uliniambia nadanganya."

"Nilikukosea," akasema katibu.

"Haya."

Mzee Lomayani akaurudisha ufunguo wa kituo, akausogeza mezani kwa vidole viwili. Akaamuru kompyuta ya mapokezi ipelekwe mlimani kesho yake, maana ile inazijua kufuli mpya, na Batuli aandike wageni kwenye daftari la mkono mpaka inunuliwe nyingine. Kutoka nje ya mlango, ambako alikuwa ametega sikio, Batuli akasikika akisema, "Na mimi nimekosa nini?" Kisha mwenyekiti akamgeukia Naserian. Alikunja uso. Akafikiri. "Wewe tungekutoa leo hii. Lakini tukikutoa, lile dude nani ataliwasha?"

Kamati nzima ikacheka. Walicheka kwa kupumua, kama watu waliotua mzigo, na mmoja akaongeza, "Na chai je?" wakacheka zaidi. Alipewa barua ya onyo. Funguo zake mbili zikabaki shingoni. Naserian alikuwa amejiandaa kuzivua, alikuwa hata ameshaulegeza uzi, na sasa hakujua aipeleke wapi mikono. Angepigwa, angeweza kulia. Mama Ephraimu peke yake hakucheka. Alilipokea isale mbele ya watu, akalitia mkobani pamoja na ufunguo, akaaga.

Ijumaa Naserian akapanda na kompyuta mgongoni, imefungwa kwa kanga kama mtoto. Akaiweka, akaunganisha, akajaribu, barua ya majaribio ikapita. Mama Ephraimu akakivua kitambaa cha maua kwenye mashine ya zamani, akakivisha ile mpya. Kilikuwa kikubwa, kikaning'inia. Naserian akatoa fomu nyingine.

"Iweke hapo," akasema Mama Ephraimu. Akavaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Kisha akasema, "Itume tena hiyo barua ya majaribio, nione." Ikatumwa. "Tena." Ikatumwa. Akasoma mstari wa pili. Akauliza tarehe ya leo, ingawa kalenda ya kanisa ilikuwa juu ya kichwa chake. Akaiandika yeye mwenyewe. Ndipo akaweka sahihi, jina lote, na akaipuliza wino ukauke kabla ya kumkabidhi.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na dakika tatu, barua ikaingia. Makreti thelathini na moja, ya nani na nani, kwa mpangilio ule ule. Naserian aliisoma amesimama, kitambaa cha kupanguzia kikiwa begani. "Wako mtiifu katika kazi." Akaishusha barua kwenye kioo cha kompyuta, akaishusha tena, mpaka mwisho kabisa, kuona kama chini yake kuna mstari mwingine.

Haukuwepo. Akasogeza tena, taratibu, kama mtu anayetikisa gunia tupu. Halafu akaenda kumwambia dereva kwamba kesho lori linapanda.